SOMO LA ROBO HII: KUSOMA PICHA ZINAZOPIGWA KUTOKA ANGANI



Somo hili limetokana na kikao kimoja kilichotuacha na aibu kidogo. Miaka michache iliyopita tulikaa na kamati ya usharika mmoja wa upande wa Kibondo kupitia barua ya wabia wetu. Ndani ya barua kulikuwa na picha mbili za setilaiti zilizochapwa kwa rangi. Ya kwanza, ya kabla ya mradi wa miti kuanza, ilikuwa ya kijani tupu. Ya pili, ya mwaka mmoja na zaidi baadaye, ilikuwa ya kahawia. Chini yake kulikuwa na swali fupi lililoandikwa kwa heshima: miti iko wapi?

Kamati ilinyamaza. Sisi wa ofisini nasi tulinyamaza, na sisi ndio tuliotakiwa kuwa na la kusema. Wanakamati walijua kuwa miti ipo, kwa maana waliipanda kwa mikono yao na akina mama waliimwagilia kwa ndoo. Lakini mbele ya picha ile kila mmoja alijiona kama shahidi aliyekamatwa katika uongo. Ndipo mzee mmoja wa kanisa, mfugaji wa nyuki, alipoivuta ile karatasi karibu na macho yake akauliza, "Picha hii ilipigwa mwezi gani?"

Hakuna aliyejua. Ilibidi tuandike barua kuuliza. Majibu yalipokuja, ya kijani ilikuwa ya mwezi Aprili, na ya kahawia ilikuwa ya mwezi Agosti. Mkazi yeyote wa Kibondo au Kasulu anajua nchi yetu inavyokuwa Aprili, na anajua inavyokuwa Agosti. Tutarudi kwenye kikao hicho mwishoni, kwa sababu habari yake haikuishia hapo. Kwanza tupate maneno yenyewe, ili siku nyingine picha ikiletwa mezani tusiikubali wala kuikataa kwa sababu tu hatuielewi.

KIJITUNDU CHA MSUMARI KWENYE BATI

Tuanze na jambo ambalo kila mtu ameliona. Ukikaa katika nyumba yenye giza ambayo bati lake lina kijitundu cha msumari, utaona duara dogo la mwanga sakafuni. Wengi hudhani ni duara kwa sababu tundu ni duara. Sivyo. Hata tundu likiwa na pembe tatu, ilimradi liwe dogo, mwanga utakaofika sakafuni utakuwa duara, kwa sababu duara hilo ni picha ya jua lenyewe. Bati likiwa mita 4 juu na jua likiwa utosini, picha hiyo huwa na upana wa karibu sentimita 4. Siku ya kupatwa kwa jua, tarehe 1 Septemba 2016, siku ambayo wengi walisafiri hadi Rujewa mkoani Mbeya kuliona jua likiwa kama pete, viduara vya mwanga chini ya miembe vilimeguka kama jua lilivyomeguka juu. Mianya kati ya majani ilikuwa ikifanya kazi ya kamera.

Basi hiyo ndiyo kamera ya kwanza. Mwanga husafiri kwa mistari iliyonyooka. Kila mstari mmoja huitwa mwale. Miale inayotoka upande wa juu wa kitu hupita tunduni na kuangukia chini, na ya chini huangukia juu, hivyo picha hutokea ikiwa imepinduka. Mtaalamu wa zamani, Ibn al-Haytham, aliyefanya kazi Cairo takriban miaka 1,000 iliyopita, aliandika kitabu kizima juu ya mwanga na jinsi jicho linavyoona, na alitumia chumba chenye giza na kitundu kuthibitisha hoja zake. Elimu hii ya mwanga, vioo na lenzi ndiyo inayoitwa optiki.

Ubaya wa kitundu ni kwamba hupitisha mwanga kidogo mno. Ukikipanua, mwanga unaongezeka lakini picha inakuwa na ukungu. Dawa yake ni lenzi, yaani kioo kilichochongwa ili kiipinde miale na kuikusanya mahali pamoja. Mahali hapo panaitwa fokasi, na umbali kutoka lenzi hadi hapo, kwa kitu kilicho mbali sana, huitwa urefu wa fokasi. Mwenye kuvaa miwani ya kusomea anayo lenzi ya namna hiyo puani. Tafadhali shikeni neno hilo, urefu wa fokasi, kwa kuwa tutalihitaji tutakapofika kwenye skeli.

Mwanga ukikuta kitu, mambo matatu huweza kutokea: kitu kikaurudisha, yaani kuuakisi, kikaunyonya, au kikaupitisha. Jani ni la kijani kwa sababu linanyonya zaidi mwanga mwekundu na wa bluu kwa ajili ya kujitengenezea chakula, na kuuakisi ule wa kijani. Udongo wetu wa Kasulu ni mwekundu kwa kuwa unaakisi wekundu. Kamera iliyo angani haioni mti wala udongo. Inaona tu mwanga ulioakisiwa, na sisi ndio tunaoutafsiri. Hapo ndipo makosa mengi yanapoanzia.

FOTONI, KITAMBUZI NA PIKSELI

Wanasayansi wanatufundisha kwamba mwanga, pamoja na kusafiri kama wimbi, hupokelewa kwa vipande vidogo mno visivyogawanyika zaidi. Kipande kimoja huitwa fotoni. Elimu ya kuzitengeneza fotoni, kuziongoza na kuzihesabu ni fotoniki. Neno ni geni lakini vitu vyake tunavyo. Paneli ya sola juu ya paa la zahanati hupokea fotoni na kutoa umeme. Taa ya LED hufanya kinyume chake. Leza ni mwanga wa rangi moja uliopangwa vizuri kiasi kwamba unaenda mbali bila kutawanyika sana. Na nyaya za Mkongo wa Taifa wa Mawasiliano, ambao ujenzi wake ulianza mwaka 2009, zina ndani yake nyuzi za kioo ambamo ujumbe hupita kama mapigo ya mwanga.

Zamani nyuma ya lenzi palikaa filamu. Siku hizi pana kitambuzi, ambacho ni bamba lenye maelfu au mamilioni ya vyumba vidogo. Kila chumba huhesabu fotoni zilizoingia na kuandika tarakimu. Tarakimu hiyo ikigeuzwa kuwa nukta ya rangi kwenye kioo cha kompyuta tunaiita pikseli. Picha nzima ni ukili uliosukwa kwa nukta hizo. Kwa mbali unaona mkeka mzima, ukisogea karibu unaona kila unyasi.

Swali kubwa kuliko yote kwa picha ya angani ni hili: pikseli moja inafunika ardhi kiasi gani? Hilo ndilo tunaliita upambanuzi wa picha. Setilaiti ya kwanza ya Landsat, iliyorushwa na Marekani Julai 1972, ilikuwa na pikseli ya takriban mita 80 kwa 80. Landsat za baadaye zilishuka hadi mita 30. Setilaiti za Ulaya za Sentinel-2, ambazo ya kwanza ilirushwa Juni 2015, huzunguka kilomita 786 juu yetu na pikseli zao bora ni za mita 10. Picha za Landsat zimekuwa zikitolewa bure tangu 2008, na za Sentinel nazo ni bure. Zipo setilaiti za kibiashara zenye pikseli chini ya mita 1, ila hizo picha zake hununuliwa. Ndege isiyo na rubani, ambayo vijana wanaiita droni, inaweza kufikia sentimita chache.

Sasa tupige hesabu, na tunaomba makatibu wa kamati waifanye kwa kalamu. Pikseli ya mita 10 ina mita za mraba 100. Ekari moja ina mita za mraba 4,047, yaani karibu pikseli 40. Kwa Landsat ya mita 30, ekari hiyo hiyo ni pikseli nne na nusu tu. Usharika ukiwa na robo ekari ya miti, Landsat itaiona kama nukta moja, na nukta hiyo huenda imechanganya miti yenu na mihogo ya jirani.

Tuendelee. Mkipanda miche kwa nafasi ya mita 2.5 kwa 2.5, kila pikseli ya mita 10 itapata miche 16. Baada ya mwaka mmoja, tuseme kila mche una kichwa cha majani chenye upana wa nusu mita. Kichwa kimoja kinafunika takriban mita za mraba 0.2. Vyote 16 vinafunika kama mita 3 za mraba kati ya 100. Asilimia 97 ya pikseli hiyo ni udongo, majani makavu na nyasi. Setilaiti haidanganyi ikisema pale ni pakavu. Kwa jicho lake, pale pamekauka kweli. Kwa ndugu zetu wafadhili, tunaomba mstari huu usomwe mara mbili: miti ya mwaka mmoja haionekani kwa picha za bure za setilaiti, iwe hai au imekufa. Subirini hadi vichwa vya miti vikutane, au tumieni picha za karibu zaidi.

MWANGA USIOONEKANA

Urefu wa wimbi la mwanga tunaouona huanza kama nanomita 400, ambayo ni zambarau, hadi kama 700, ambayo ni nyekundu. Nanomita moja ni sehemu moja ya milioni ya milimita. Baada ya nyekundu mwanga unaendelea, ila macho yetu yanakoma. Huo unaofuata huitwa infraredi. Msidhani ni jambo la kusadiki tu. Chukueni rimoti ya televisheni, mbonyeze kitufe huku mkiangalia taa yake ya mbele kwa macho: hakuna kitu. Iangalieni tena kupitia kamera ya simu, hasa ile ya mbele, na kwa simu nyingi mtaona taa inawaka. Kitambuzi cha simu kinaona kidogo kile ambacho jicho halioni.

Jani lenye afya linanyonya mwanga mwekundu karibu wote, lakini infraredi iliyo jirani na nyekundu hulirudisha kwa wingi, karibu nusu. Udongo mtupu hauna tabia hiyo. Maji hunyonya infraredi, ndiyo maana Mto Malagarasi na mabwawa yake huonekana meusi kabisa katika picha za namna hiyo. Kwa hiyo vitambuzi vya setilaiti hugawa mwanga katika mafungu, kila fungu likiitwa bendi. Sentinel-2 ina bendi 13.

Kutokana na bendi mbili tu, nyekundu na infraredi, wataalamu hupata kipimo cha ukijani. Toa nyekundu kutoka infraredi, kisha gawanya kwa jumla ya zote mbili. Jani linaloakisi infraredi 50 na nyekundu 5 litatoa 45 kugawanya kwa 55, yaani 0.82. Udongo unaoakisi infraredi 30 na nyekundu 25 utatoa 5 kwa 55, yaani 0.09. Kadiri namba inavyokaribia 1, ndivyo ukijani ulivyo mwingi. Lakini angalieni: kipimo hiki hakijui tofauti ya mti na hindi. Shamba la mahindi la mwezi Februari linaweza kupata alama ya juu kuliko msitu mkavu wa Agosti.

Kwa kuwa infraredi haina rangi kwa macho yetu, watengenezaji wa picha huiazima nyekundu. Hiyo ndiyo rangi bandia. Katika picha ya rangi bandia msitu wenye afya ni mwekundu wa kuiva. Tumewahi kumwona mwanakamati akishika kichwa kwa huzuni akidhani msitu wote wa kijiji unaungua.

MWEZI, WINGU NA KIVULI

Misitu yetu ya asili ya huku juu, yenye mininga na jamii ya mitundu, hupukutisha majani wakati wa kiangazi, kisha huchipua kabla ya mvua, mara nyingi Septemba na Oktoba, na majani yake machanga huwa mekundu au ya rangi ya shaba. Mfugaji wa nyuki anaifahamu kalenda hiyo kwa sababu maua hufuatana nayo. Hivyo picha ya Aprili ikilinganishwa na ya Agosti itaonyesha ukataji mkubwa wa misitu hata kama hakuna shoka lililoinuliwa. Linganisheni Agosti na Agosti.

Aidha, hakuna mwezi ulio mzuri kwa kila jambo. Ukitafuta miti iliyopandwa ambayo haipukutishi, kama misindano na mikaratusi iliyokwisha kukua, kiangazi ndicho kizuri, kwa kuwa nyasi zimekauka na miti hiyo inabaki peke yake ikiwa ya kijani. Ukitafuta mazao, ni masika. Masika nayo ina mawingu, na optiki haipenyi wingu. Kwa hilo ipo rada, inayotuma mawimbi yake yenyewe na kusikiliza mwangwi. Sentinel-1, iliyoanza kurushwa 2014, huona usiku na kupitia mawingu, ingawa picha zake ni ngumu kuzisoma na hatuzishauri kwa anayeanza. Ipo pia lida, inayofanya hivyo hivyo kwa leza. Mwishoni mwa 2018 kifaa cha lida kiitwacho GEDI kilipelekwa kwenye kituo cha anga cha kimataifa ili kupima urefu wa misitu: mapigo ya leza hugonga vilele vya miti, mengine hupenya hadi ardhini, na tofauti ya muda wa kurudi hutoa kimo cha mti.

Landsat na Sentinel-2 hupita juu yetu asubuhi. Jua likiwa bado mashariki, vivuli huangukia magharibi. Kivuli cha wingu ni doa jeusi, nalo hufanana sana na kovu la moto. Njia ya kuvitofautisha ni kumtafuta mwenye kivuli: kama kuna wingu jeupe la umbo lile lile pembeni, upande wa jua, basi ni kivuli. Kama hakuna, angalieni picha inayofuata, siku chache baadaye. Kivuli huwa kimeondoka, kovu liko pale pale. Na kama mabonde yanaonekana kama vilima na vilima kama mabonde, geuzeni karatasi juu chini. Macho yamezoea mwanga utokee upande wa juu wa picha, na miezi kama Desemba jua letu huwa upande wa kusini.

PICHA SI RAMANI

Picha zinazopigwa na ndege zina aina mbili kuu. Picha ya mshazari hupigwa kwa kuinamisha kamera. Hupendeza kwenye kalenda, lakini vilivyo mbali huonekana vidogo, kwa hiyo haifai kupimia. Picha ya wima hupigwa kamera ikitazama chini moja kwa moja. Ramani za nchi yetu za skeli ya 1:50,000, ambazo baadhi ya ofisi za wilaya bado wanazo ukutani, zilichorwa kutokana na picha za wima zilizopigwa kwa ndege.

Skeli ya picha ya wima hupatikana kwa kugawanya urefu wa fokasi kwa kimo cha ndege kutoka ardhini. Lenzi ya milimita 152 ikiwa mita 7,600 juu, skeli ni 1:50,000, yaani sentimita moja ya picha ni mita 500 za ardhi. Sasa fikirini nchi ya milima kama ya Kasulu. Kilele kiko karibu na kamera kuliko bonde, kwa hiyo picha moja ina skeli nyingi, na shamba la mlimani litaonekana kubwa kuliko shamba la bondeni lililo sawa nalo. Vilele pia huegemea nje kutoka katikati ya picha. Wataalamu huondoa kasoro hiyo kwa kupiga picha zinazolaliana, ili kila mahali paonekane kutoka pande mbili kama macho mawili yaonavyo, na kwa kutumia alama za ardhini zilizopimwa. Ikishafanyiwa hivyo huitwa picha iliyonyooshwa, na hiyo unaweza kuiwekea rula. Kamati yoyote inayoletewa picha ya droni katika shauri la mpaka iulize kwanza kama imenyooshwa. Na kabla ya kurusha droni yoyote, kibali cha Mamlaka ya Usafiri wa Anga, TCAA, ni lazima. Huku mpakani tusijaribu hata kidogo kwa mazoea.

JIRANI ZETU WA GOMBE

Mfano mzuri uko ndani ya mkoa wetu. Marehemu Dk. Jane Goodall, aliyefariki Oktoba 2025, alifika Gombe mwaka 1960 kuwachunguza sokwe. Baadaye taasisi yake ilipolinganisha picha za Landsat za 1972 na 1999, mpaka wa hifadhi ulionekana kama umekatwa kwa kisu: ndani msitu, nje vilima vilivyovuliwa nguo. Picha hiyo imezunguka dunia nzima. Ila sisi tunaona funzo kubwa liko katika kilichofuata. Kupitia mradi wa TACARE, ulioanza 1994, katika miaka ya 2000 taasisi ilipeleka vijijini picha za setilaiti zenye pikseli ya mita 1 na chini ya hapo, zikiwa zimechapwa kwa ukubwa. Wanakijiji walitambua njia zao, mito, nyumba na maeneo ya matambiko, wakataja majina, na kutokana na hayo wakapanga wenyewe wapi pawe msitu wa kijiji na wapi palimwe, kwa taratibu za Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999. Pikseli ya mita 80 ilitosha kuwaonyesha wageni tatizo. Haikutosha kumwonyesha mkulima shamba lake.

Kwa wakulima wa kahawa jambo hili linazidi kusogea. Sheria ya Umoja wa Ulaya kuhusu bidhaa zinazotokana na ukataji misitu imeweka tarehe 31 Desemba 2020 kama mpaka: kahawa isitoke kwenye ardhi iliyofyekwa msitu baada ya hapo. Utekelezaji wake umeahirishwa zaidi ya mara moja, lakini tarehe hiyo haikusogezwa, na ushahidi utakaotazamwa ni picha za angani. Kahawa iliyo chini ya miti ya kivuli huonekana kama msitu. Mkulima akipunguza matawi, picha inaweza kusema amekata msitu.

TUKIRUDI KIBONDO

Baada ya kujua miezi ya zile picha mbili, tuliandika majibu. Tulieleza kiangazi, tulieleza nafasi ya miche na hesabu ya asilimia 3. Tukaona ni vema kuambatanisha picha za simu, hivyo tukaenda shambani pamoja na kamati. Sehemu ya juu miti ilikuwa hai, mingine imefika kiunoni. Tulipoteremka upande wa kijito tukakuta visiki vyeusi. Moto wa kiangazi ulipita pale mwaka ule, na taarifa ya robo haikusema neno. Mwenyekiti alisema waliogopa kukatiwa msaada.

Turudie kuitazama ile picha ya Agosti. Upande wa kijito palikuwa na doa jeusi. Wote tuliokuwa kikaoni tulikuwa tumeliona na kulipita tukidhani ni kivuli cha wingu, na anga la picha ile halikuwa na wingu hata moja. Picha ilikuwa imetusingizia kwa jambo moja na kusema kweli kwa jambo la pili. Tuliyaandika yote mawili katika barua moja. Wabia wetu waliendelea nasi, wakaomba barabara ya kuzuia moto ilimwe kabla ya Juni, na ikalimwa.

Kuanzia robo ijayo, kila kamati inayotunza miti au msitu iambatanishe na taarifa yake mambo haya: mwezi na mwaka wa kupanda, nafasi kati ya miche, tarehe ya moto wowote hata kama ni mdogo, na picha ya simu iliyopigwa kutoka kwenye kigingi kile kile, mara moja Aprili na mara moja Agosti. Muandike pia koordinati kama simu inavyozionyesha. Kwa eneo letu namba ya kwanza huwa kati ya -3 na -5 na ya pili huwa karibu na 30 au 31. Msisahau alama ya kutoa mbele ya namba ya kwanza. Kasulu ikiandikwa bila alama hiyo inaangukia Sudan Kusini, na ofisini tumeshawahi kulitafuta shamba la miti la usharika mmoja kwa wiki mbili kwenye kompyuta, tukishangaa kwa nini hatuoni paa la kanisa.